Cheti Kilichokaa na Mbegu

Namba bado iko mkononi. Mia moja na saba, kwa wino mweusi wa kalamu nene, juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kushoto. Nimeisugua kwa sabuni ya kipande, nimeisugua kwa mchanga wa mtoni, lakini afande aliyeiandika aliikandamiza kama mtu anayeandika kwenye gunia, na sasa imebaki kijivu. Leo ni siku ya tisa. Nikivaa mikono mirefu mama hunitazama, nikivaa mifupi pia hunitazama, kwa hiyo nimeacha kuchagua.

Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni nilikuwa najua jibu na ninaliandika pembeni mwa daftari badala ya kunyoosha mkono, halafu mwingine analisema, anapigiwa makofi, na mimi nalifuta. Ndiyo maana ninaandika hapa. Hapa hakuna wa kuniambia paza sauti.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi. Alama zangu si za kujivunia wala si za kuficha. Zilitosha kuingia chuo cha ufundi, hazikutosha kumfanya mtu yeyote anilipie. Ninachotaka kusoma ni mambo ya maji: pampu, mabomba, visima. Watu hucheka nikisema, kwa sababu tunaishi na mto Tana mlangoni. Lakini maji yenyewe tunayanywa yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na pampu ya kijiji ilikufa nikiwa darasa la sita. Fundi alikuja mara moja kutoka Malindi, akaifungua yote, akasema anaenda kutafuta kifaa. Hajarudi mpaka leo. Vipande vyake viko chini ya turubai kwa mzee wa kijiji, na kuku wanatagia hapo.

Njia iliyokuwa imebaki ni huduma ya vijana. Ukichukuliwa unapelekwa kambini, unanyolewa, unapiga gwaride, unachimba mitaro na kupanda miti na kutengeneza barabara popote serikali itakapokutuma. Muda wako ukiisha, serikali inakupeleka chuo na inalipa karo. Jasho kwanza, masomo baadaye. Nilipomweleza mama alikuwa anapalilia ndizi, hata hakuinuka.

"Kuchimba mitaro ndiyo wanaita huduma?" akasema. "Basi mimi nimehudumu tangu nilipoolewa. Waambie na mimi wanipeleke chuo."

Lakini tangu siku hiyo alianza kuniwekea kipande cha samaki kikubwa kuliko chake, ili nipate nguvu za kukimbia. Na mimi nikawa nakimbia kila alfajiri juu ya tuta la mto, watu wa mashambani wakiniuliza ni nani ananifukuza.

Waliotangaza walisema uje na vitu viwili: kitambulisho, na cheti cha kidato cha nne, chenyewe, si nakala. Kitambulisho ninatembea nacho. Cheti kilikuwa na mama.

Lazima nieleze mama hukiweka wapi cheti, kwa sababu kila kitu kinatokea hapo.

Jikoni kwetu, juu ya mafiga, kuna uchaga: fito zilizopangwa na kufungwa karibu na paa. Hapo ndipo mahindi ya mbegu hukaa, yakiwa bado na maganda, na moshi wa kila siku hupita katikati yake. Moshi ndio unaofukuza dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje. Hakuna nyumba ya mkulima upande wetu wa mto ambayo haina uchaga, na hakuna mama anayekuambia ule mbegu ya uchagani hata kama mnalala na njaa. Mto ukifurika, maji huingia hadi kiunoni, vitanda vinaelea, kuku wanakufa, lakini uchagani hayafiki.

Mafuriko ya nikiwa darasa la saba yalichukua sanduku la baba. Baba alikuwa ameshafariki. Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi zake zote, za shamba, za kazi, na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Tulilikuta sanduku limekwama kwenye mwembe, na ndani karatasi zimekuwa uji. Mama aliutoa ule uji kwa mikono akauanika juu ya bati, akakaa kando yake siku mbili nzima akisubiri urudi kuwa karatasi.

Kwa hiyo mwaka jana, nilipoleta cheti kutoka shuleni, hakukiweka sandukuni. Kilikuwa kwenye bahasha ya nailoni. Akakitoa kwenye nailoni.

"Mbegu ukiifungia kwenye nailoni inatoa jasho, inaota kuvu," akasema. "Karatasi ni mti. Inataka kupumua."

Akakiviringisha, akakifunga kwa maganda ya mahindi matatu, akapanda juu ya kinu, akakichomeka katikati ya mbegu. Niliona raha. Niliona ni mara ya kwanza kitu changu kimewekwa mahali pa heshima namna ile. Sikupanda kukitazama tena, maana kilikuwa mahali salama.

Siku ya usajili alikitoa asubuhi, nikiwa tayari nimevaa. Kilikuwa kimekuwa cha kahawia, kama chapati. Alikifungua, kikajikunja tena chenyewe. Masizi yalikuwa yamekaa mstari mstari pale maganda yalipoachia nafasi. Mama akalowesha pindo la leso kwa mate, akafuta. Alifuta kwa bidii kama anavyonifuta uso. Masizi yakatambaa juu ya muhuri, na juu ya alama ya Hisabati.

"Kimekomaa tu," akasema.

Ningeweza kusema, mama, acha, usifute. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa anatabasamu.

Nilivuka mto nikamkuta rafiki yangu upande wa Garsen. Yeye ni Muorma, tulikaa dawati moja miaka minne, na Mungu aliposahau kunipa mimi sauti, ya kwangu alimpa yeye pia. Kwao wanafuga ng'ombe. Alikuwa amevaa suruali ya michezo ndani ya dera, na dera amelifunga kiunoni kama mtu anayeenda kupigana. Alinipa raba za dada yake, kwa sababu mimi nilikuwa na ndara.

"Watu wa mahindi mnakimbia na ndara?" akasema. "Leo utaniona. Mimi nimekimbiza ndama tangu nizaliwe."

"Ndama hakimbii kilomita tano," nikamwambia.

"Wa kwenu hakimbii. Kwanza hamna."

Uwanja ulikuwa umejaa. Walianza na mbio, ndipo wapime urefu, meno, macho, miguu, na karatasi mwisho kabisa. Sijui ni nani alipanga hivyo. Kama wangeanza na karatasi ningerudi nyumbani mapema nikiwa sijatamani sana. Lakini nilikimbia. Nilikimbia kama kwenye tuta la mto, nikitazama mgongo wa aliye mbele, na katika wasichana nilikuwa wa tisa. Rafiki yangu alikuwa wa nne, analaani dera. Nilipimwa urefu, nikapita. Nilifungua mdomo, daktari akahesabu meno yangu, nikapita. Ndipo nikaandikwa mia moja na saba mkononi. Nilipotazama ile namba, nilikuwa nimeshafika chuoni, nimeshasoma, nimeshainua turubai kwa mzee wa kijiji na kufukuza kuku.

Kwenye meza ya karatasi alikaa afande mwanamke, mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Nilimpa kitambulisho. Nikampa cheti. Alikifungua kwa vidole viwili, kikajikunja. Akakifungua tena akakibana kwa mashine ya kutobolea karatasi. Akavaa miwani. Akakinusa.

"Hii ni nini?"

"Cheti, afande."

"Sauti."

"Cheti."

"Nimeona kimeandikwa cheti. Mbona kinanuka samaki? Nani amekichoma? Muhuri uko wapi? Hapa Hisabati umepata nini, hii ni C ama ni nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limepangika kichwani, neno kwa neno: kwetu kuna uchaga, mto unafurika, mama yangu alikiweka na mbegu kwa sababu hana kitu cha thamani kuliko mbegu. Nilikuwa nalo kama vile shuleni. Na kama vile shuleni, lilikaa hapo hapo. Nilitazama vidole vyake kwenye karatasi. Watu nyuma yangu walianza kusogea. Kadiri nilivyonyamaza ndivyo uso wake ulivyozidi kubadilika, na ninaandika wazi hapa kwamba nilimwona akianza kuniona mwongo, na bado sikusema.

Rafiki yangu ndiye aliyepiga kelele kutoka kwenye mstari. "Afande, hajaghushi! Hawa kwao cheti wanakausha jikoni na mahindi!"

Mstari mzima ukaanguka kwa kicheko.

"Wamekibanika!" mvulana mmoja akasema.

"Afande, onja, kama kimeiva!"

Afande hakucheka. Aliwanyamazisha kwa kuinua kalamu tu. Kisha akaniambia, polepole, na ninadhani alikuwa ananionea huruma, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Binti, mimi siwezi kupokea hiki. Wakubwa wangu wakikiona watauliza kama mimi nilikuwa nimelala. Nenda shuleni kwenu, wakuandikie barua ya kuthibitisha alama zako, ipigwe muhuri. Ukiniletea kabla ya saa kumi, nitakuingiza. Umesikia?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Sauti."

"Nimesikia, afande."

Ilikuwa imeshapita saa sita. Shule yetu iko kule Tarasaa. Rafiki yangu alimwambia kaka yake, dereva wa bodaboda aliyemleta asubuhi, "Mpeleke, na usimpakie mtu mwingine njiani." Akanipeleka. Mvua ya jana yake ilikuwa imeacha madimbwi, tukafika tumechafuka hadi kwenye nyusi.

Mwalimu mkuu hakuwepo. Alikuwa Hola kwenye mkutano. Nilimkuta naibu wake, mwalimu aliyenifundisha Jiografia miaka miwili. Nilimsalimia, akaitikia, akanitazama akisubiri nijitambulishe.

"Nilisoma hapa, mwalimu. Nilimaliza mwaka juzi."

"Wewe?" Alikunja paji la uso. "Ulikaa wapi darasani?"

"Nyuma, karibu na dirisha."

"Pale si alikaa yule Muorma mwenye kelele?"

"Nilikaa naye."

Alitikisa kichwa. Hakunikumbuka. Miaka miwili, na dawati langu analikumbuka kwa sababu ya jirani yangu. Ilibidi atoe daftari kubwa la wanafunzi, apitishe kidole mpaka alipolikuta jina langu, alinganishe na kitambulisho, ndipo akubali kwamba niliwahi kuwepo. Sikumlaumu. Nilikuwa nimefanya kazi kubwa miaka minne ili asinione, na nilifaulu.

Aliandika barua nzuri. Aliandika alama zote, akaandika kwamba mimi ni mtulivu na mwenye nidhamu, akatia sahihi. Kisha akafungua droo, akaifunga. Akajaribu kabati. Akakaa.

"Muhuri mwalimu mkuu ameufungia, na ufunguo anao yeye."

"Atarudi lini, mwalimu?"

"Kesho. Labda jioni."

Pengine mtu mwingine angesema, mwalimu, mpigie simu, mwalimu, vunja kabati, mwalimu, njoo mwenyewe uwaambie. Mimi nilisema asante. Nilikunja barua nikaiweka kifuani, nikatoka. Kaka yake rafiki yangu aliniuliza, "Tayari?" nikasema tayari.

Tulirudi Garsen saa tisa na nusu. Nusu saa ilikuwa bado imebaki. Lakini uwanja ulikuwa umebadilika. Ile mistari ilikuwa imekwisha, na katikati walikuwa wamekaa waliochaguliwa, chini, wanne wanne, mikono magotini. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza. Afande alikuwa anafunga mafaili kwa kamba.

"Namba mia moja na saba," akasema, kwa hiyo alinikumbuka. Alisoma barua hadi mwisho. Aliigeuza upande wa nyuma. "Muhuri?"

"Umefungiwa."

Alivua miwani. "Binti, hata kama muhuri ungekuwepo. Nafasi za wasichana zimejaa tangu saa nane. Nilikuwekea yako mpaka nikaulizwa ninamwekea nani." Akanirudishia barua, na cheti alichokuwa amekiweka chini ya faili ili kinyooke. Kilikuwa kimenyooka kidogo. "Mwaka ujao, Mungu akipenda. Lakini uje na karatasi safi."

Rafiki yangu alikuwa mstari wa pili. Walikuwa wamekatazwa kuongea. Mtu ambaye sijawahi kumwona amenyamaza dakika moja, alikuwa amekaa kama jiwe, dera limefungwa vilevile, akinitazama. Aliinua nyusi kuuliza. Nikatikisa kichwa. Akaangalia chini, na hilo ndilo lililoniliza, si afande, si muhuri.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa mto upande wetu, na alikuwa amekuja na sufuria ya maji ya kunawa miguu kana kwamba ninatoka safari ya mbali. Aliona namba mkononi kwanza.

"Wamekuandika!"

"Walinikataa, mama."

"Kwa nini?"

Cheti kilikuwa ndani ya nguo yangu, kinanuka jikoni kwetu. Niliitazama leso yake, lile pindo lenye masizi.

"Urefu," nikasema.

"Urefu?"

"Nimepungua kidogo."

"Kwani wanatafuta twiga?" Aliiweka ile sufuria chini kwa nguvu, maji yakamwagika. "Mtaro unachimbwa kwa urefu? Si mfupi ndiye hainami sana? Wajinga hao! Baba yako alikuwa mfupi na alibeba magunia mawili!" Aliwatukana mpaka tukafika nyumbani. Njiani alimsimamisha jirani, akanisimamisha bega kwa bega na binti yake, akasema, "Huyu ni mfupi? Nitazameni, huyu ni mfupi?" Sijawahi kumwona akinitetea mbele za watu hivyo, na kila neno lilikuwa kama ananipiga.

Tulipofika alinyoosha mkono. "Lete cheti nikirudishe mahali pake. Urefu utakuja, wewe bado mtoto."

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Nilijua akikirudisha, mwaka mwingine wa moshi utamaliza kilichobaki. Nikisema, atajua ni nani aliyekiua, naye ni mtu aliyekaa siku mbili kando ya uji wa karatasi. Nilimpa. Nilimshikia kinu asianguke. Alikichomeka katikati ya mahindi, akashuka, akawasha moto wa chai.

Siku tatu baadaye alikuja kaka yake rafiki yangu kuchukua zile raba, maana dada yao alizitaka. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Niliporudi nilimkuta anavuka kurudi, akanipungia mkono na kuniambia kutoka kwenye mtumbwi, "Pole tena kwa ile karatasi! Nimemwambia mama yako aende kwa mwalimu mkuu mwenyewe, muhuri atapata!" Alikuwa na nia njema kabisa.

Kisha nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa uani. Alikuwa ameyatoa mafiga yote matatu jikoni na kuyapanga nje, karibu na ukuta, na anapuliza moto. Tulikula nje.

Tangu siku hiyo anapika uani. Mvua zimeanza, na anapika chini ya bati moja lililoegemezwa, mgongo unalowa, macho yamekuwa mekundu kwa moshi unaorudishwa na upepo. Jana nilimwambia, "Mama, si tungekitoa tu kile cheti tukiweke kwingine, moto urudi ndani?"

"Tukiweke wapi?" akauliza. Alisubiri kweli, kama mtu anayetaka jibu. Nilifikiria ukutani, mchwa. Sandukuni, mto. Kwa jirani, kwa jirani ni kama kwetu.

Leo asubuhi nilipanda juu ya kinu. Cheti kipo, kikavu, hakijazidi kuharibika. Lakini mahindi yaliyokizunguka yameanza kutoa unga mweupe, na nilipovunja punje moja, dumuzi alikuwa ndani. Ni siku chache tu bila moshi. Tunatakiwa kupanda mwezi ujao. Nilishuka na gunzi moja nikalipeleka uani nimwonyeshe. Alilishika, akaligeuza, akapuliza ule unga, akaliweka kando ya moto.

"Nimeona," akasema. "Nimeona tangu juzi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Aliendelea kukoroga uji, kisha, bila kunitazama, akaniuliza, "Umerefuka?"

"Bado, mama."

"Basi kula," akasema, akaniwekea bakuli lililojaa.